Dawa Ikikwamisha Nyongo

Shangazi yako ameanza dawa mpya. Baada ya wiki chache macho yamekuwa ya njano, mkojo kama chai ya rangi, na usiku kucha anajikuna. Jirani atasema, "Malaria hiyo!" Yawezekana. Lakini je, unajua kwamba chanzo chaweza kuwa dawa yenyewe?

Nyongo unaifahamu: yale maji ya kijani, machungu, yanayoharibu nyama ukikosea kupasua kuku. Hutengenezwa na seli za ini. Kila seli ina pampu zinazosukuma chumvi za nyongo kwenye vijifereji vyembamba mno vilivyo kati ya seli na seli, kisha nyongo huelekea utumboni kusaidia kusaga mafuta. Chumvi hizo ni kama sabuni. Dawa ikizuia pampu, zinajazana ndani ya seli na kuiharibu.

Kumpima panya tu hakutoshi. Troglitazone, dawa ya kisukari, ilipita majaribio ya wanyama, ikaanza kuuzwa Marekani mwaka 1997. Mwaka 2000 iliondolewa sokoni: ilikuwa imeharibu maini ya wagonjwa, wengine wakafa. Maabara zilikuja kuonyesha kwamba inazuia pampu ya nyongo.

Ndiyo maana watafiti hukuza seli za ini la binadamu, zilizopatikana kwenye vipande vinavyobaki baada ya upasuaji au maini yasiyofaa kupandikizwa. Ukizimwaga tu kwenye kisahani, zinasahau kazi. Mwaka 1989 ilionyeshwa kwamba seli za panya zikilazwa kati ya tabaka mbili za kolajeni, kama siagi kati ya vipande vya mkate, hufanya kazi kwa wiki kadhaa. Hata vijifereji vinaota upya!

Kupima kwenyewe ni ujanja mtupu. Seli za visahani viwili hupewa chumvi za nyongo zenye alama. Kisha kimoja kinanyimwa kalsiamu. Vijifereji vyake vinafunguka na kumwaga nyongo. Tofauti ya kilichobaki kwenye visahani hivyo ndiyo nyongo iliyosukumwa nje ya seli. Rudia ukiwa umeongeza dawa. Tofauti ikipungua sana, dawa imekamatwa.

Si zote hukamatwa, lakini. Kisahani hakina askari wa mwili, na dawa nyingine huumiza ini kupitia hao.

Kwa hiyo shangazi, hata kama dawa zake ni za TB, aende kituo cha afya leo hii, na azibebe zote, pamoja na zile za duka la mtaani.