Mjomba baharia alivyonitia jikoni

Wiki hii, msomaji wangu, sahau kwanza habari za nani kamuacha nani na nani kaonekana na nani Jumamosi usiku. Nipo jikoni. Usicheke. Kijiweni wameshanicheka vya kutosha, wameniuliza kama nimeolewa na kama mahari ilitoka.

Kisa chenyewe ni mjomba. Huyu ni kaka mkubwa wa bi mkubwa wangu, baharia wa zamani, katika wale vijana wa Dar waliozamia meli bila pasi wala begi. Kaondoka mwaka 1986, karudi 1994, na hapo katikati muda mwingi kauishi Piraeus, ile bandari kubwa ya Athens kule Ugiriki, akisubiri meli ya kumpa kazi.

Sasa mwaka huu mjomba kalazwa wiki tatu. Aliporudi nyumbani Temeke, akawa hali. Bi mkubwa kapika uji, kapika mtori, kapika wali wa nazi na changu wa kupaka. Wapi! Anaonja vijiko viwili, anasukuma sahani. Shati likawa linamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Bi mkubwa akawa anaingia bafuni, anafungulia bomba ili tusimsikie analia. Tunamsikia vilevile.

Siku hiyo nimekwenda kumjulia hali. Shikamoo mjomba, marahaba, kimya. Halafu akasema taratibu, "Mjomba, ningepata dzadziki na mkate ningekula."

Dza nini?

Wenyewe wanaandika tzatziki lakini wanatamka kama alivyotamka yeye. Ni mtindi mzito umechanganywa na tango lililokwaruzwa, kitunguu swaumu, mafuta ya zeituni, chumvi na siki au ndimu. Kinaliwa baridi, unachovya mkate au unakiweka pembeni ya nyama. Waturuki wana cha kwao, cacık, ambacho ni chepesi zaidi, na jina la Kigiriki limetokana na hilo. Wahindi wana raita, na kama umewahi kula biriani ya maana mjini basi unaijua.

Nikamuuliza, katika vyakula vyote vya Ulaya, kwa nini hicho? Akacheka kidogo, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kumbe vijana wa Kiswahili walioshuka Piraeus wakiwa hawana kitu walikuwa wanaona watu wanakula gyros, nyama ile inayozunguka kwenye chuma inakatwa vipande inafungwa kwenye mkate. Inanukia mtaa mzima. Tatizo, nyingi yake ni kitimoto. Mjomba ni Mwislamu wa Temeke, hata njaa imshike vipi hagusi. Kwa hiyo yeye alikuwa anaomba mkate, chipsi na ile nyeupe tu. Miaka minane!

Nikajisemea, hili dogo. Mtindi si mtindi tu?

Nikaenda supamaketi. Kwenye rafu kulikuwa na kopo la mtindi wa Kigiriki kutoka nje. Nikasoma bei, nikalirudisha taratibu kama mtu aliyeshika yai la mwenzake. Pembeni kulikuwa na jingine la bei ya kibinadamu, lina picha ya ng'ombe anatabasamu. Nikalibeba. Nyumbani nikakwaruza tango, nikatwanga swaumu, nikachanganya, nikaonja. Msomaji wangu, lilikuwa na sukari na vanila. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi za chungu chini ya ng'ombe. Wewe hebu vuta picha, vanila na kitunguu swaumu mdomo mmoja. Hata paka wa mama mwenye nyumba alinusa akaondoka, na paka yule anakula gundi.

Safari ya pili nikawa mjanja. Nikanunua mtindi wa kawaida, usio na sukari, kwenye kibanda cha maziwa. Nikachanganya, ukapendeza, nikaufunga nikapanda daladala. Nafika Temeke, nafungua, naona bwawa. Maji juu, tango linaelea kama majani baada ya mvua. Kwa kuwa nilishajitangaza kwa bi mkubwa, nikampelekea hivyohivyo.

Mjomba akachukua kijiko kimoja. Akakiweka chini. "Hii ya Waturuki, mjomba." Akageukia ukutani.

Bi mkubwa aliniangalia tu. Angenitukana ningepata nafuu.

Nikataka kuondoka, mjomba akaniita huku bado kaangalia ukuta. "Maji," anasema. "Kazi yote ni kutoa maji." Ndipo akanihadithia kwamba wakati hana meli aliosha vyombo kwenye mgahawa mmoja karibu na bandari, malipo yake chakula. Mama wa pale kila jioni alikuwa anamimina mtindi kwenye mfuko wa kitambaa anauning'iniza juu ya sinki, unadondosha ti, ti, ti mpaka asubuhi. Tango nalo analitia chumvi, analiacha, halafu analikamua kwa mikono kama anafua.

Basi hapo ndo pana siri nzima. Tango ni maji karibu asilimia 95. Ukilitia kwenye mtindi hivihivi, ile chumvi unayoweka inavuta maji yatoke, na lazima uelee. Dawa ni kuyatoa kabla. Na mtindi wa Kigiriki sio wa ng'ombe wa ajabu, ni mtindi uliochujwa tu. Wao wanauita straggisto, maana yake hiyohiyo, uliochujwa. Zamani wengi walitumia maziwa ya kondoo na mbuzi, yana mafuta zaidi, ila wa ng'ombe unafanya kazi vizuri.

Kuhusu jina, Wazungu walishafikishana mahakamani. Kampuni ya Kigiriki ya Fage iliishtaki Chobani ya Marekani pale London, na Januari 2014 mahakama ya rufaa ikasema mtindi uliotengenezwa Marekani usiuzwe Uingereza kwa jina la mtindi wa Kigiriki, hata kama umechujwa. Kwa hiyo mimi wangu nauita mtindi uliochujwa wa Temeke, nisije nikaletewa barua.

Haya, sikiliza nilivyofanya mara ya tatu. Lita moja ya mtindi mzito usio na sukari. Ukiwa ule mwepesi wa kunywa utapata kiduchu sana, tafuta ulioganda. Chukua chujio la tui, weka juu ya sufuria, tandika kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa na kukaushwa. Usitumie kilichofuliwa kwa sabuni ya kunukia, utakula sabuni. Mimina, kunja kitambaa kwa juu, funika, tia kwenye friji mpaka asubuhi. Kwa joto la Dar usithubutu kuuacha mezani usiku kucha, utachacha mpaka macho yafumbe. Mimi sina friji, nilimwomba mama mwenye nyumba, akakubali kwa masharti kwamba nisiguse soda zake. Kwenye friji lake kulikuwa na samaki, na mtindi unadaka harufu upesi, kwa hiyo niliufunika kwa sahani na mfuko juu yake.

Asubuhi nilikuta kama nusu lita ya kitu kizito, unachomeka kijiko kinasimama wima. Chini kwenye sufuria kuna maji ya rangi ya ndimu. Usimwage! Bi mkubwa alikandia unga wa chapati, zikatoka laini kuliko za siku zote.

Kabla sijaendelea nilipita zahanati nikamuuliza nesi kama mgonjwa wetu anaruhusiwa. Akasema ale, ila chumvi ipungue. Na wewe ukiwa na mgonjwa, uliza kwanza.

Tango moja kubwa. Limenye kidogo ukitaka, lipasue katikati, kwangua mbegu kwa kijiko maana ndo zenye maji mengi. Likwaruze kwa kile kikwaruzio cha karoti, upande wa matundu makubwa. Nyunyiza chumvi nusu kijiko cha chai, acha nusu saa. Halafu likunje kwenye kitambaa ukamue. Kamua tena. Ukidhani umemaliza, kamua mara nyingine. Kutoka tango zima nilibaki na konzi moja, na chumvi nyingi ikaondoka na maji. Sikuongeza nyingine.

Kitunguu swaumu punje mbili, twanga kwenye kinu kidogo mpaka ziwe uji. Ukikatakata tu utang'ata kipande halafu siku nzima hakuna atakayekaa karibu nawe kwenye daladala. Changanya swaumu na siki kijiko kimoja cha chakula, mafuta ya zeituni vijiko viwili, ndipo utie mtindi na tango. Mafuta nunua ya kula, siyo vile vichupa vya kujipaka nywele. Kuna jani Wagiriki wengi wanaweka, linaitwa dili, na siyo dili unalolijua wewe la mjini. Sikulipata sokoni. Nikaweka nanaa, na sikukosea sana, maana kule kisiwani Kupro ndivyo wanavyofanya, wanakiita talattouri.

Rudisha kwenye friji saa moja au mbili ladha zishikane. Kinakaa siku mbili tatu kikiwa baridi, na swaumu inazidi kuwa kali kila siku. Kwa mishikaki ni balaa. Kwa viazi vya kukaanga, kwa kuku wa kuchoma, hata kwa mihogo ya kukaanga nimejaribu na sijutii. Ukiwa na miadi na mtu jioni, hakikisheni mmekula wote wawili.

Jumapili nikashuka Temeke. Bi mkubwa alichoma mkate kidogo juu ya mkaa. Nikaweka bakuli mbele ya mjomba, nikamwagia mafuta ya zeituni juu kama alivyonielekeza, nikakaa pembeni najifanya nasoma gazeti. Kachovya kipande cha kwanza. Katafuna, kasimama, kaangalia dirishani. Nikajua nimekwisha.

Kachovya cha pili. Cha tatu. Cha nne akaomba mto wa mgongoni ili akae vizuri. Mimi nahesabu vipande kama refa. Mwisho kachukua ganda la mkate kafuta bakuli pande zote mpaka likang'aa, na bi mkubwa akanyanyuka haraka kaenda bafuni, tukasikia bomba linafunguliwa.

"Nzuri," mjomba kasema. "Lakini swaumu kidogo. Yule mama alikuwa anaweka nne."

Mtindi wa kesho upo kwenye friji ya mama mwenye nyumba tangu saa moja jioni. Soda zake sijagusa.