Wenye Waliingia na Wenye Walitoka: Namna Watamil wa Sri Lanka Wanahesabu Wafu Wao

Kila mwaka, tarehe 18 ya mwezi wa tano, Watamil wa kaskazini mwa Sri Lanka wanapika uji mwepesi wa muchele na chumvi. Wanaugawa ku barabara, wakubwa na watoto wanakunywa. Si chakula cha sikukuu. Njo chakula cha mwisho chenye watu walikuwa nacho ku Mullivaikkal, kipande kidogo cha pwani kwenye vita viliishia katika 2009. Katika 2024, polisi ya Sri Lanka ilikamata watu juu ya kugawa uji ule.

Wandugu wafanyakazi, ba mama na ba papa, mutaniuliza: uji unaweza kuogopesha serikali namna gani? Unaogopesha juu ni ushahidi. Unasema kulikuwa watu pale, walikuwa na njaa, walikufa, na kuko mutu mwenye anakumbuka. Leo nataka tuzungumuze namna watu wadogo wa ile inchi, wauguzi, mapadri, walimu na mama wa watoto, walishika hesabu ya wafu wao wakati wakubwa walikuwa wanasema hakuna kitu kilifanyika.

Vita vyenyewe, kwa kifupi

Sri Lanka ni kisiwa karibu na Uhindi. Wengi wa kule ni Wasinhala, na karibu wote wanafuata dini ya Buddha. Watamil wanakaa zaidi kaskazini na mashariki. Kuko tena Watamil wa mashamba ya chai, wafanyakazi kama sisi, wenye babu zao waliletwa na Waingereza kutoka Uhindi. Uhuru ulikuja katika 1948, na mwaka ule ule sheria ikanyima mamia ya maelfu ya wale watu wa chai uraia. Katika 1956 sheria ingine ikafanya Kisinhala kuwa luga moja tu ya serikali.

Katika 1981 maktaba ya muji wa Jaffna ilichomwa moto. Karibu vitabu na maandiko 97.000 yaliteketea, mengine ya zamani sana, yenye hayakuwa na nakala. Katika mwezi wa saba 1983, waasi wa LTTE, wenye watu waliita Tigres, waliua askari 13. Vikundi vya watu vikaingia mu nyumba za Watamil ku Colombo, wakaua, wakachoma. Wamoja walikuwa na liste za uchaguzi mu mukono, njo namna walijua nyumba gani ni ya Mutamil. Karatasi pia inaweza kuua. Kisha pale, vita vilidumu karibu miaka 26.

Mwalimu mwenye hakuficha za upande wake

Rajani Thiranagama alikuwa daktari na mwalimu wa anatomi ku universite ya Jaffna. Zamani alisaidia Tigres, alitunza wapiganaji wao wenye vidonda. Kisha akaona vile wanaua Watamil wenzao wenye hawakubali mawazo yao. Hakunyamaza. Na wenzake wakaanzisha kikundi cha walimu cha haki za binadamu, UTHR ya Jaffna, na wakaandika kitabu kinachoitwa The Broken Palmyra. Ndani waliandika mabaya ya jeshi la Sri Lanka, mabaya ya jeshi la Uhindi lenye lilikuja kusema linaleta amani, na mabaya ya Tigres. Waliandika yote matatu kwa kipimo kimoja.

Tarehe 21 ya mwezi wa tisa 1989, Rajani alikuwa anarudi nyumbani na kinga yake. Walimupiga lisasi. Alikuwa na miaka 35. Wenzake waliona ni mukono wa Tigres. Lakini hawakuacha kazi. Walijificha, wakaendelea kuandika miaka na miaka, kijiji kwa kijiji, jina kwa jina.

Nasimama hapa kidogo, juu hii ni neno kwa kila mutu wa sendika. Mutu mwenye anaandika paka zambi za adui, maandiko yake yanabaki maneno ya vita. Wakati Tigres walifukuza Waislamu wote wa kaskazini katika mwezi wa kumi 1990, maelfu na maelfu waliacha nyumba na mali, na Watamil kama wale walimu waliandika ile pia. Njo maana wakati walisema juu ya mabomu ya serikali, watu waliwaamini.

Miezi mitano ya 2009

Mu mwezi wa kwanza 2009 jeshi lilikamata Kilinochchi, muji mukubwa wa Tigres. Watu wa inchi ya Vanni wakakimbia kuelekea bahari. Wafanyakazi wa kigeni wa ONU walikuwa wameshatoka tangu mwezi wa tisa 2008, juu serikali ilisema haiwezi kuwalinda. Wenyeji walikuja ku mulango kuwaomba wabaki. Walienda.

Serikali ikatangaza mahali ikasema: hapa hakuna vita, mukimbilie hapa. Ilitangaza vile mara tatu, na kila mara ile nafasi ilikuwa ndogo kupita ya kwanza. Na ile nafasi yenyewe ikapigwa mabomu. Wataalamu wa ONU waliandika kisha kwamba hospitali zote za Vanni zilipigwa, zingine mara nyingi, hata kama jeshi lilijua ziko wapi. Waliandika kwamba watu wengi wenye walikufa mu ile miezi waliuliwa na mabomu ya serikali. Waliandika vile vile kwamba Tigres walikataza watu kutoka, waliwapiga lisasi wenye walijaribu kukimbia, na walikamata watoto kwa nguvu kuwatia mu vita.

Serikali ilikuwa inasema mu Vanni hakuna hata watu 100.000. Chakula na dawa zilipimwa kwa ile hesabu ndogo. Munaona vile hesabu ya uongo inafanya kazi: kwanza inapunguza mifuko ya muchele, kisha inapunguza wafu.

Ndani ya ile moto kulibaki madaktari wachache wa serikali, Watamil wenyewe. Walifanya operasio bila dawa ya kulalisha. Kila siku walihesabu wafu na wenye vidonda wenye walifika, wakapeleka hesabu inje kwa telefone. Ofisi ya ONU ku Colombo ilichunguza hesabu zile, ikazilinganisha na mashahidi wengine mbele ya kuzikubali. Mupaka katikati ya mwezi wa tano iliandika wafu kupita 7.700, na kisha pale haikuwezekana tena kuhesabu. Hesabu ile ONU haikuitangaza. Katika 2012 uchunguzi wake yenyewe ulisema ilishindwa kazi yake.

Vita vilipoisha, madaktari walikamatwa. Mu mwezi wa saba 2009 waliletwa mbele ya waandishi wa habari, wangali wafungwa, wakasema walizidisha hesabu. Mumoja wao, Thurairajah Varatharajah, alipofika inchi ya mbali akasema walilazimishwa kusema vile. Lakini hesabu ilikuwa imeshatoka. Haikurudi tena mu kinywa.

Hesabu ya askofu

Mwenye anafanya kazi mu mine ya chini anajua kazi ya jetoni. Ukiingia unachukua taa, jetoni yako inabaki ku ubao. Ukitoka unarudisha taa, jetoni inaondoka. Mwisho wa posti, kama jetoni tatu zimebaki ku ubao, watu watatu wako chini. Hakuna shefu anaweza kusema hakuna mutu. Lakini ku mashimo ya wachimbaji wa mukono, kwenye hakuna ubao, udongo ukianguka kila mutu anataja hesabu yake, na mwisho hesabu ndogo njo inashinda.

Askofu wa Mannar, Rayappu Joseph, alifanya kazi ya jetoni kwa watu wa Vanni. Alichukua karatasi za serikali yenyewe na za ONU. Mu mwezi wa kumi 2008, ofisi za wilaya ziliandika watu 429.059 mu Vanni. Mupaka mwezi wa saba 2009, wenye walitoka na kuingia mu mikono ya serikali walikuwa 282.380. Akatoa hesabu moja mu ingine. Mu mwezi wa kwanza 2011 akaenda mbele ya tume yenye serikali iliweka, akauliza swali moja: watu 146.679 wako wapi?

Hakusema wote wamekufa. Aliuliza wako wapi. Wataalamu wa ONU walisema katika 2011 kwamba wafu wanaweza kufika 40.000. Uchunguzi wa 2012 ukataja watu kupita 70.000 wenye hawajulikane waliko. Hesabu hizi hazifanane, na watu wa serikali wanatumia ile kusema zote ni uongo. Lakini askofu hakuleta hesabu yake mwenyewe, alileta ya serikali na ya ONU. Alikufa katika 2021, na jibu haikufika.

Foto za askari wenyewe

Ushahidi mwingine ulitoka upande wenye hakuna mutu aliungojea. Askari walijipigia video na telefone zao, sawa vile muwindaji anapiga foto na nyama yake. Mu mwezi wa nane 2009 televizio ya Uingereza, Channel 4, ilionyesha wanaume wenye walifungwa, bila nguo, wanapigwa lisasi ku kichwa. Serikali ikasema ni ya kutunga. Philip Alston wa ONU aliita wataalamu watatu: mumoja wa maiti, mumoja wa silaha, mumoja wa video. Mu mwezi wa kwanza 2010 walisema inaonekana ni ya kweli. Hawakubishana kwa makelele. Waliangalia namna damu inatoka, namna bunduki inaruka, namna picha ilirekodiwa.

Padri, mama, na shimo

Tarehe 18 ya mwezi wa tano 2009, karibu na daraja ya Vadduvakal, watu wenye walijitoa kwa jeshi walipandishwa mu mabasi. Padri mumoja Mukatolika, Francis Joseph, alikuwa nao. Mashahidi wanasema aliandika majina yao ku karatasi. Basi ikaenda. Padri haonekane mupaka leo, na karatasi ile haionekane. Jamaa walianza tena liste kutoka mwanzo: wewe uliona nani akipanda? Alivaa nini? Alishika mutoto gani?

Tangu mwezi wa pili 2017, mama wa kule wanakaa ku pembeni ya barabara ku Kilinochchi, kila mumoja na foto ya mwenye alipotea. Jua, mvua, wako pale. Wazazi wengi wameshakufa mu kungojea. Katika 2020 raisi Gotabaya Rajapaksa, mwenye alikuwa mukubwa wa wizara ya ulinzi wakati wa vita, alisema waliopotea wamekufa. Mama wakajibu: kama wamekufa, nani aliwaua, na maiti ziko wapi?

Jibu moja linatoka mu udongo. Katika 1998 askari mumoja, siku ya kuhukumiwa, aliambia tribinali kwamba ku Chemmani, karibu na Jaffna, kumezikwa watu 300 ao 400. Katika 1999 walichimba, wakapata 15. Wakubwa wakasema basi, imeisha. Katika 2025, wafanyakazi wa kujenga walikuwa wanachimba karibu na pale, wakakuta mifupa. Tribinali ikaamuru uchimbaji. Wakapata mifupa ya watu kupita 200, hata watoto wadogo, na sakosi ya masomo ya rangi ya bulu na vitu vya kuchezea.

Sisi tunajua udongo. Udongo wenye uliguswa haufanane na wenye haujaguswa, hata kama ni kisha miaka 25, rangi yake inaonyesha. Pale hawatumii sururu wala mashine. Wanatumia brosi na kijiko, kila mufupa unapewa numero, kila sapato inapigwa foto kwenye inalala. Mwenye anatosha vyote mbio anapoteza ushahidi.

Ku sisi

Congo inajua habari hii. Mwezi wa kumi 2010 ONU ilitoa Rapport Mapping, yenye ilipanga mambo mabaya 617 ya kati ya 1993 na 2003. Ilitengenezwa paka sawa ya kule: kwa mashahidi wenye walikubali kusema, na kwa karatasi zenye vikundi vidogo na makanisa vilificha miaka mingi. Tribinali ya kuhukumu mambo yale haijakuja, kule wala hapa. Lakini bila ile kazi, hata siku tribinali itakuja, itakuta meza bure.

Basi kwa wandugu delege, na kwa kila mama mwenye anaweka karatasi ya jamaa mu sanduku, hivi njo Watamil wanatufundisha. Andika siku ile ile, usingoje kilio kiishe. Andika jina lote, miaka, mahali, saa, na nani aliona kwa macho yake. Chenye ulisikia ku mwingine, andika kwamba ulisikia. Usizidishe hata mutu mumoja, juu wakigundua mumoja wa uongo watakataa mia wa kweli. Fanya nakala tatu, zilale mu nyumba tatu. Na kama mutu wa upande wetu alifanya ubaya, naye aingie mu kitabu.

Ku barabara ya Kilinochchi mama wangali wanakaa na zile foto. Ku nyuma ya kila foto kuko jina.