Ndege ya Jeti ya Karatasi

Mara nyingine mkiwa shambani katika uwanda wa Ruzizi, mnasikia ngurumo juu. Mnainua macho. Tazama, ndege! Inapita juu kuliko milima, na nyuma yake kuna mstari mweupe. Haina mapanga ya kuzunguka. Basi, ni kitu gani kinachoisukuma?

Chukua puto la mpira, ulipulize, kisha uliachilie bila kulifunga mdomo. Hewa inatoka nyuma kwa nguvu, nalo puto linakimbilia mbele. Ndivyo ilivyo jeti. Hewa huingia kwa mbele ya injini, hubanwa sana, huchanganywa na mafuta yaliyo ndugu ya mafuta ya taa, kisha huwaka. Moshi wa moto hutoka nyuma kwa kasi, na ndege husukumwa mbele. Mwingereza Frank Whittle aliwasha injini yake ya jeti mwaka 1937. Lakini ndege ya kwanza ya jeti iliruka Ujerumani, tarehe 27 Agosti 1939.

Sasa tutengeneze yetu. Usichane daftari jipya, maana wazazi wamelinunua kwa jasho. Karatasi iliyokwisha kuandikwa yafaa vilevile.

1. Kunja karatasi katikati kwa urefu, kisha uifungue. Mkunjo huo ndio mstari wa katikati.
2. Kunja pembe mbili za mbele mpaka zikutane kwenye mstari huo.
3. Kunja tena kingo mbili za mshazari mpaka mstari huohuo. Sasa pua imekuwa kali.
4. Kunja yote katikati, mikunjo ikae ndani.
5. Kunja bawa moja kuelekea chini, mpaka ukingo wake ufike chini ya mwili. Geuza, ukunje la pili sawasawa na la kwanza.
6. Nyosha mabawa, yainuke kidogo tu. Pitisha ukucha juu ya kila mkunjo.

Umbo hili la pembe tatu lafanana na Concorde, jeti ya Ufaransa na Uingereza iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1969 na kuacha kazi mwaka 2003.

Ndege yetu haina injini. Mkono wako ndio injini yake. Ikitoka mkononi, uzito huivuta chini, lakini mabawa hukanyaga hewa, nayo hushuka polepole huku ikienda mbele. Irushe asubuhi, kabla ya upepo, mbali na barabara ya malori. Ishike chini ya mabawa, uisukume mbele taratibu. Anayeitupa kama jiwe, itaanguka kama jiwe.

Mvulana mmoja alirusha ndege yake mara tatu. Mara tatu ikachoma pua ardhini. Wenzake wakacheka. Kwa hasira akaikanyaga, akaenda kukaa peke yake. Rafiki yake akaiokota, akainyosha juu ya goti, akaitazama kwa nyuma. Hakusema neno. Akainua kidogo sana ukingo wa nyuma wa mabawa yote mawili, akamrudishia mwenyewe. “Jaribu,” akasema. Ndege ikaenda, ikaupita mwembe, ikatua majanini. Hakuna aliyecheka tena.

Karatasi haikuwa mbaya, wala mvulana hakuwa mjinga. Palikosekana kitu kidogo tu. Nawe fanya hivi:

Ikichoma pua chini, inua kidogo ukingo wa nyuma wa mabawa yote mawili.
Ikipanda juu, ikasimama, ikaanguka, bandika nta kidogo puani.
Ikienda kushoto, inua kidogo ukingo wa nyuma wa bawa la kulia. Ikienda kulia, inua wa kushoto.

Badili kitu kimoja tu kila mara, kisha urushe tena. Ukibadili vitatu pamoja, hutajua ni kipi kilichosaidia. Mafundi wa ndege kubwa nao hujaribu, hutazama, husahihisha. Haraka haraka haina baraka.

Maswali
1. Ni nini kinachosukuma jeti mbele?
2. Kwa nini hatutumii karatasi ya daftari jipya?
3. Ndege yako ikienda kulia, utafanya nini?
4. Yule rafiki alifanya nini kabla ya kugusa mabawa?