Taa ya samaki ikianza kukonyeza, mama, zima umeme kwanza



Mwezi uliopita tulikusanyika kwa mwenzetu mmoja hapa Uvira, siku ya likelemba. Sebuleni kwake, juu ya kabati, kuna akwariomu: sanduku la kioo lenye maji na samaki wadogo wenye mistari, wale ambao watoto huwaona kati ya mawe ya ziwa. Baba wa nyumba ndiye aliyeitengeneza, na watoto wanaipenda kuliko televisheni.

Taa yake ilikuwa neoni iliyofungwa ndani ya kifuniko cha bati. Ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Mwenzetu alituambia kwamba imekuwa hivyo majuma mawili. Ikizima, anapiga kifuniko kofi, inawaka tena. Tulicheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno.

Tulipokuwa tunahesabu pesa, mtoto wake wa miaka tisa alikuja kulisha samaki. Alikuwa miguu mitupu, na sakafu ya simenti ilikuwa bado na maji ya kupangusia. Mkono mmoja aliushika kwenye kifuniko, mwingine akauingiza ndani ya maji ili atoe jani. Akakakamaa palepale. Hakulia, hakuita. Mikono yake ilitetemeka na hakuweza kuachia.

Mama yake aliruka ili amvute. Lakini mwenzetu aliyekuwa karibu na mlango alipiga kelele: «Mama, usimguse! Nazima kwanza!» Akakimbia kwenye dijonkteri, kile kizimio kikubwa cha nyumba, akakishusha. Mtoto akaanguka chini, halafu akalia. Hatujawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile. Alibaki na alama ya kuungua kwenye vidole viwili. Tulimpeleka hospitali, moyo wake ukasikilizwa, akarudi nyumbani mzima.

Usiku ule mama yake alirudia neno moja: «Lakini samaki walikuwa wanaogelea vizuri. Nilijua maji hayana shida.»

Neno hilo ndilo limetufanya tuandike.

Kwa nini samaki hawakufa?

Angalieni ndege anayetua juu ya waya wa umeme barabarani. Hafi, kwa sababu miguu yake yote iko juu ya waya mmoja, na hagusi ardhi. Umeme unatafuta njia ya kwenda ardhini, na kwa ndege huyo hakuna njia. Samaki naye yuko vilevile. Yeye na maji yanayomzunguka wako na umeme mmoja, na kioo kinawatenga na ardhi. Anaogelea kana kwamba hakuna kitu.

Mtoto anapoingiza mkono huku amesimama na miguu mitupu juu ya simenti yenye maji, yeye ndiye anakuwa njia. Umeme unapita mkononi, kifuani, miguuni, hadi ardhini. Kwa hiyo tusimtumie samaki kama shahidi. Samaki mzima hathibitishi kwamba maji ni salama kwa mkono wa mtu.

Kwa nini taa hizi zinaharibika upesi?

Taa ya akwariomu inaishi maisha magumu kuliko ampuli ya sebuleni. Mchana na usiku mvuke unapanda kutoka kwenye maji na kugeuka matone ndani ya kifuniko. Samaki wanarusha maji. Maji ya ziwa letu Tanganyika yana madini mengi kuliko maji ya mvua, ndiyo maana yakikauka yanaacha unga mweupe. Unga huo ukikaa kwenye miguu ya neoni na kupata unyevu, unapitisha umeme. Bati linashika kutu. Ganda la plastiki la waya linakauka kwa joto na kupasuka. Tuongeze na umeme wetu unaokatika na kurudi, na mara nyingine unarudi na nguvu kupita ile 220 ya kawaida. Taa inachoka.

Kabla ya kuleta hatari, inatoa dalili. Ukiona hata moja kati ya hizi, taa hiyo isiwashwe tena mpaka fundi aione:

- inawaka na kuzima, au inangoja upigaji kofi;
- ncha za neoni zimekuwa nyeusi, au kuna sauti ya kuvuma kama nyuki;
- kuna harufu ya plastiki inayoungua, au kifuniko kina joto lisilo la kawaida;
- kuna matone ya maji, kutu au unga mweupe pale taa inaposhikwa;
- ukigusa maji au kifuniko, vidole vinasikia kama sindano.

Dalili hii ya mwisho si ya kungojea kesho. Ukiisikia, toa mkono, zima nyumba nzima kwenye dijonkteri, halafu ndipo uchomoe fishi.

Hakuna haraka ya mwangaza

Wamama wengi tunaogopa kuzima taa tukidhani samaki watakufa. Samaki hawafi kwa giza la siku chache. Mwangaza wa dirishani unawatosha, na ziwani pia usiku ni giza. Taa ni kwa ajili ya macho yetu na majani ya majini. Basi hakuna sababu ya kufunga waya uliopasuka kwa utepe ili taa iwake leo jioni.

Tupange nini nyumbani?

Kwanza, kabla ya mkono wowote kuingia ndani ya maji, fishi itolewe kwenye prizi, kwa mkono mkavu. Kubonyeza kizimio kidogo cha taa hakutoshi. Kizimio kinakata waya mmoja tu, na fishi zetu zinaweza kuingia upande huu au ule, hivyo umeme unaweza kubaki ndani ya taa iliyozimwa.

Pili, waya wa taa ushuke chini kuliko prizi, halafu upande tena kufikia prizi. Tone la maji likifuata waya, litadondoka pale chini na halitaingia ndani ya prizi. Jambo hili halina gharama. Ralonji nayo isilale chini ya akwariomu. Ifungwe ukutani, mahali pakavu.

Tatu, taa ikibadilishwa, afadhali ile ya ledi inayotumia volti 12, na transfo yake iwekwe mbali na maji. Kumbukeni kwamba upande wa transfo unaoingia ukutani bado una 220.

Nne, tumuulize fundi kama nyumba ina waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, na kama ina dijonkteri ya diferansieli. Dijonkteri ya kawaida inaanguka umeme unapozidi sana. Umeme unaoua mtoto ni mdogo, haiuoni. Ndiyo maana siku ile ya likelemba haikuanguka yenyewe. Ile ya diferansieli ni kama mwalimu anayehesabu watoto wanaotoka kucheza na wanaorudi. Mmoja akikosekana, anafunga lango mara moja. Iliyo ya miliampea 30 inakata umeme pale kiasi hicho kidogo kinapopotea, na ampuli ya wati 60 inakula karibu mara 9 ya hapo. Ina kidude cha kujaribia. Tukibonyeze kila mwezi.

Kama taa imeanguka ndani ya maji, asiingize mtu mkono kuiokoa. Dijonkteri kwanza, fishi baadaye, taa mwisho.

Mtu akikamatwa na umeme

Usimguse. Zima dijonkteri. Kama haifikiki, simama juu ya ubao mkavu au kiti cha plastiki, msukume kwa fimbo kavu ya ufagio. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa. Kama hapumui, mlaze chali juu ya sakafu kavu, weka kiganja katikati ya kifua na usukume kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta msaada. Anayejua kupuliza pumzi mdomoni apulize mara 2 kila baada ya kusukuma mara 30. Hata akiinuka na kucheka, apelekwe hospitali, kwa sababu moyo unaweza kusumbuka baadaye.

Wengi wetu hatuna akwariomu. Lakini tuna ndoo inayochemshwa kwa rezistansi, tuna pasi, tuna simu zinazochajiwa kando ya beseni la vyombo. Sheria ni ileile: umeme utoke kwanza, mkono uingie baadaye.

Fundi alipofungua kile kifuniko, alitukuta tumesimama nyuma yake kama wanafunzi. Ganda la waya lilikuwa limepasuka, na waya mtupu uligusa bati. Samaki walikaa siku sita bila taa. Hakufa hata mmoja. Na tumepatana hivi: kila siku ya likelemba, kabla ya kuhesabu pesa, tunapita katika nyumba iliyotupokea na kuangalia waya zake, na watoto wa nyumba wanaonyeshwa dijonkteri iko wapi. Siku ile tuliona taa inakonyeza, tukacheka. Tusirudie.