Jumamosi ya Watoto na Kazi ya Kukumbuka

Liko jambo linalowasumbua walimu wengi, na wazazi pia. Mtoto ana mengi ya kujifunza kwa moyo, nayo Jumamosi imefika, na wenzake wanamwita. Je, tumzuie au tumwache?

Mimi nalimzuia. Mwanangu wa pili alikuwa mzito wa hesabu za kuzidisha, basi nikaweka amri kwamba kila Jumamosi, tangu asubuhi hata adhuhuri, asitoke barazani mpaka aseme hesabu za saba, za nane na za tisa pasipo kosa. Wenzake walipita na ndoana zao wakienda mtoni, naye akawatazama. Ilipofika adhuhuri alizisema zote, nami nikajisifu moyoni. Jumanne mwalimu wake alipomwuliza saba mara nane, alinyamaza kimya. Ikawa hivyo majuma mengi, hata mama yake akaniambia, “Baba watoto, huyu hachukii hesabu. Anachukia Jumamosi.” Neno hilo lilinichoma.

Ndipo nilipokumbuka habari za Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliyetoa kitabu chake mwaka 1885. Huyu alijijaribu mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yo yote, akazirudia mpaka akaweza kuzisema bila kutazama. Kisha akangoja, pengine dakika 20, pengine siku nzima, hata siku 31, akajifunza tena zile zile na kupima ni kazi kiasi gani imepungua. Akaona ya kuwa baada ya saa moja zaidi ya nusu ya faida imekwisha potea, na baada ya siku moja imebaki kama theluthi. Lakini baada ya siku 31 ilikuwa ingali ikibaki kama sehemu moja katika tano. Yaani, kusahau huenda mbio mwanzoni, halafu hutembea polepole.

Akaona na jambo la pili, nalo ndilo lililonihukumu mimi. Kurudia mara 38, akizigawanya katika siku tatu, kulimfaa karibu sawa na kurudia mara 68 kwa siku moja. Tazameni, mara 30 nzima ameziokoa! Mwanangu angaliweza kuzitumia mtoni.

Wala kupumzika si kupoteza. Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, John Jenkins na Karl Dallenbach waliwajaribu wanafunzi wawili, wakaona ya kuwa aliyejifunza kisha akalala husahau kidogo kuliko aliyejifunza kisha akashinda macho na shughuli zake. Hata wale wanaofundishwa ufundi wa kukumbuka, wa kuweka kila neno mahali pake katika nyumba waijuayo, hawahitaji kufungiwa siku nzima. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2017, watu walijizoeza dakika 30 tu kwa siku, kwa siku 40, na maneno waliyoyakumbuka yakazidi mara mbili.

Basi nyumbani kwangu tumebadili. Tangu Jumatatu hata Ijumaa, baada ya chakula cha jioni, ni robo saa tu, na kitabu kimefungwa. Nauliza, naye hutafuta jibu kwanza kabla ya kutazama, hata kama atakosea. Kusoma tena na tena huku kitabu kiko wazi humpa mtoto kiburi cha bure, adhani anajua. Jumamosi hakuna kitabu kabisa. Jumapili jioni namwuliza manne au matano, yale yaliyompotea katika juma.

Mwalimu mwenzangu mmoja hunicheka, asema kwamba mtihani ukiwa kesho, kukesha kunasaidia. Ni kweli, kwa kesho. Lakini hesabu hizi mtoto atazitaka sokoni akiwa mzee.

Juma lililopita alirudi na samaki wawili wadogo, matope mpaka magotini, akalala mapema. Saba mara nane sasa huijibu upesi. Nane mara tisa ingali inamsumbua. Hutazama dari kwanza. Tutaiuliza tena Jumatatu.