Kufunga Kishina cha Kidole Tumbo: Je, Kifaa cha Bei Kubwa Ndicho Bora?

Wengi wetu tunaujua ugonjwa wa kidole tumbo. Maumivu huanza karibu na kitovu, kisha huhamia chini upande wa kulia, na mgonjwa hupata kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Tiba iliyozoeleka ni upasuaji. Hospitali zenye vifaa huufanya kwa matundu madogo, bila kupasua jeraha kubwa. Wa kwanza kutoa kidole tumbo kwa njia hii alikuwa Dk. Kurt Semm, daktari wa magonjwa ya wanawake mjini Kiel, Ujerumani, mwaka 1980.

Daktari hutoboa matundu, mara nyingi matatu, hujaza tumbo hewa ya kaboni dioksaidi ili apate nafasi, kisha huingiza kamera na vyombo vyembamba. Kidole tumbo kikishakatwa, hubaki kishina kwenye utumbo mpana. Kishina hicho kikifumuka, uchafu wa utumbo huvuja tumboni, usaha hujikusanya, na maisha ya mgonjwa huwa hatarini. Kwa hiyo ni lazima kifungwe vizuri. Njia zinazotumika zaidi ni tatu:

1. Kitanzi cha uzi. Uzi wenye fundo lililo tayari huvishwa kwenye kishina na kukazwa. Bei yake ni nafuu, ila huhitaji mkono uliozoea.

2. Kibanio cha plastiki. Hubana na kujifunga kama kufuli. Ni cha haraka na cha bei nafuu, lakini hakifai kishina kilicho kinene sana.

3. Stepla ya upasuaji. Hupiga safu za pini ndogo za chuma na kukata katikati kwa mara moja. Husaidia pale kishina kilipovimba sana au kuoza. Bei yake ni kubwa, na kasha la pini likishatumika halirudiwi.

Ipi ni bora? Mwaka 2017 taasisi ya Cochrane ilipitia tafiti 8 zenye wagonjwa 850, zikilinganisha uzi na vifaa vya kubana. Haikuonekana tofauti ya wazi katika madhara aliyoyapata mgonjwa. Vifaa viliokoa takribani dakika 9 za upasuaji. Miongozo ya kimataifa ya upasuaji wa dharura ya mwaka 2020 inapendekeza uzi au vibanio vya plastiki, na stepla iachwe kwa hali ngumu, kadiri daktari atakavyoona na uwezo wa hospitali.

Hii ni habari njema kwa hospitali yenye mfuko mdogo. Kukosa stepla hakumnyimi mgonjwa tiba salama. Linalohitajika ni daktari aliyefundishwa vizuri, anayefunga karibu na utumbo na kuacha kishina kifupi, kisichozidi nusu sentimita, maana kikibaki kirefu kinaweza kuugua tena.

Nasi tuna sehemu yetu. Kidole tumbo kikipasuka kabla ya mgonjwa kufika hospitali, kazi huwa ngumu kwa njia yoyote ile. Maumivu ya namna hii yakianza, usikande tumbo wala usinywe dawa ya kuharisha. Mpeleke mgonjwa hospitali mapema.