Safari ya Kuchemsha Maji: Kutoka Nyamira Hadi Mombasa

Sisi watu wa mwambao tukitajiwa Kisii hukumbuka ndizi, na yale mawe laini ya Tabaka yanayochongwa vinyago na kuuzwa hata katika maduka ya Mombasa. Mimi, mzaliwa wa Mombasa, nilipelekwa kusomesha fizikia katika shule moja ya vilima vya Nyamira, na jambo la kwanza lililonishughulisha halikuwa ndizi wala mawe. Lilikuwa maharagwe. Kule hayaivi upesi. Kina mama wanalijua hilo tangu zamani, maana wao ndio wenye kubeba kuni.

Sababu yake ni hewa. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo uzito wa hewa unavyopungua, na maji yasiyokandamizwa sana na hewa huchemka kabla hayajapata joto lote. Kwa kukadiria, kila mita 300 za kupanda hupunguza kiasi cha nyuzi moja. Huku pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mjini Kisii, ulio mita 1,700 hivi juu ya bahari, hayafiki hata 95. Utachochea moto mpaka sufuria ikauke, joto la maji halitazidi hapo.

Vitabu vinayaeleza haya, lakini wanafunzi hukariri sentensi moja tu: maji huchemka kwenye nyuzi 100. Siku ya jaribio kijana mmoja wa kidato cha pili alisoma kipimajoto, akaandika 94, akatupia jicho kitabu, akafuta, akaandika 100. Wenziwe nao wakafuta. Nilipowauliza, wakanijibu kwa adabu kwamba kipimajoto cha shule ni kibovu. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Mtoto ameona kwa macho yake, kisha anayakanusha macho yake ili apate alama! Na Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefia Misri karibu mwaka 1040, aliwaonya wasomaji wasiwaamini wakale kwa kuwa ni wakale tu, bali wapime wenyewe.

Miaka ile walimu wa sayansi tulikuwa tukienda mafunzoni wakati wa likizo. Ulikuwa mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na shirika la Kijapani la JICA. Ulijaribiwa kwanza katika wilaya tisa, Kisii na Gucha zikiwamo, na kuanzia 2003 ukaenezwa nchi nzima. Wakufunzi walifunzwa Nairobi, kisha wao wakatufunza sisi wa mashambani. Tulikaa madawatini kama watoto, tukafundishwa kumwacha mwanafunzi atende kwa mkono wake, na kifaa kikikosekana kiundwe kwa vilivyopo: chupa, makopo, mirija. Kifaa nilichokihitaji mimi kilikuwapo tayari. Ni barabara ya kwenda Mombasa.

Katika mkutano wa wazazi mzee mmoja aliinuka taratibu, akauliza, "Mwalimu, hapa kwetu maji hayachemki?" Watu walicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki, kwani nauli ilikuwa itoke kwenye chai na ndizi zao. Nikamweleza habari ya kijana aliyefuta 94. Mzee akakaa kimya kidogo, kisha akasema mtoto asizoezwe kusema uongo. Nauli ikapatikana, ingawa si kwa wote. Tulikwenda na wanafunzi kumi na wawili, jiko la mafuta ya taa, sufuria moja na kipimajoto kile kile kilichodaiwa kuwa kibovu.

Tukapita Keroka, Sotik, Narok. Nairobi walitarajia makubwa, kwa sababu ni jiji. Kipimajoto kikaonyesha 94 na nusu, wakavunjika moyo. Nikawakumbusha kwamba Nairobi nayo iko juu zaidi ya mita 1,600, na hewa haijui jiji wala kijiji. Voi ikawa 98. Ndani ya basi hakuna aliyesinzia tena.

Mombasa tuliwasha jiko kando ya barabara ya Mama Ngina, baada ya Alasiri, upepo ukitusumbua na wauza madafu wakitusogelea kutaka kujua tunauza nini. Yule kijana ndiye aliyeshika kipimajoto. Zebaki ilipanda, ikapita 94, ikapita 98, ikasimama kwenye 100. Akaitazama kitambo. Halafu akafungua daftari lake la zamani, akakata ile 100 ya Nyamira na kuirudisha 94 mahali pake.

Msichana mmoja, aliyeiona Kilimanjaro kwa mbali tukiwa njiani, alikuwa keshageuza karatasi na kupiga hesabu. Mita 5,895, akasema, maji yatachemka kwenye nyuzi 80 hivi. Je, maharagwe yataiva? Muuza madafu mmoja akamjibu kabla yangu: "Mwanangu, huko nenda na tende."